Wifi yangu kaunyonyoa mkunazi wangu

Leo wifi yangu kaunyonyoa mti wangu kama kuku!

Si mti wowote. Ni bonsai yangu, mti wa kudumazwa chunguni, mkunazi niliouchimba wadini, kwenye bonde kavu nyuma ya kijiji cha Qantab, kabla tingatinga halijapita. Nimeulea chunguni miaka, nimeufunga waya tawi kwa tawi.

Na kesho wenzangu wa bonsai wanakuja kuutazama!

Natoka kusali adhuhuri, namkuta Wifi barazani anatwanga majani.

“Umeyatoa wapi hayo?”

“Hapo chunguni. Ya kuoshea nywele.”

“Mti wa mapambo huo, mwanamke weye!”

“Mkunazi wa mapambo? Khaa! Usinichekeshe.”

Nikamwambia hata mbuzi angenibakishia jani moja. Nilimsema mpaka koo likanikauka.

Halafu nikaugeukia mti.

Jamani, ulivyokuwa mtupu, kila tawi nikaliona. Kumbe lile lililokuwa likinikera siku zote, nisijue kwa nini, linakatiza mbele ya shina! Nikalitia mkasi. Mti ukakaa kama mkunazi mkubwa wa wadini, mashallah. Majani yatarudi tu, mkunazi haufi kwa hayo.

Wifi sijamshukuru, wala simshukuru. Nikimshukuru, kiburi atakipeleka wapi?

Lakini majani yameshatwangwa, ningeyamwaga? Nimekaa chini, kanisugua kichwa kizima, huku tunagombana.

Kesho nnawaambia wageni nimeunyonyoa mwenyewe, kwa makusudi, ndo ufundi wenyewe huo.

Mnasemaje? Na atakayenichongea, kwangu asije kunywa kahawa!