Majina Sabini na Moja

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa kushona, na watu wanamwita Cherehani kwa sababu mbili: kazi yake na mdomo wake. Akianza kuongea, hanyamazi mpaka uzi ukatike. Mimi ni fundi baiskeli. Nikisema maneno kumi kabla ya chakula cha mchana, mke wangu ananigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Kila mmoja wetu anaangalia kituo cha huduma cha kijiji chake. Ni kazi ya kujitolea. Mara moja kwa mwezi akina mama wanaleta watoto walio chini ya miaka mitano, tunawapima uzito na kuandika kwenye daftari, na aliyepungua tunampeleka zahanati. Kituo changu ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya saruji. Ukifagia kwa nguvu, unapiga chafya ya kijivu. Mizani inaning'inia kwenye boriti, na chini yake kuna mfuko wa turubai wenye matundu mawili ya kupitisha miguu. Kituo cha Cherehani kiko kijiji cha bondeni, dakika ishirini kwa baiskeli, jirani na mashine ya kusaga. Mimi napima Alhamisi ya kwanza ya mwezi, yeye anapima kesho yake.

Wivu wangu kwake haukuanzia kwenye vituo. Siku ya harusi yangu alisimama akasema maneno machache, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Miaka ishirini na miwili imepita, na mtu akinikumbusha harusi yangu, anachokumbuka ni maneno ya shemeji. Mimi bwana harusi nilikuwepo tu, kama kiti.

Halafu vituo vikaanza. Kwenye mkutano wa kwanza wa vituo vyote, mkaguzi wa wakati ule alisoma idadi ya watoto walioandikishwa kila kijiji. Cha Cherehani kilikuwa na arobaini. Changu hamsini na wawili. Mkaguzi akasema, "Hiki ndicho kituo kikubwa," na watu wakanipigia makofi. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi. Nilitazama viatu vyangu mpaka yakaisha, lakini niliyasikia yote, na nikamwona shemeji naye akipiga, akitabasamu.

Tangu siku hiyo sikufuta jina. Mtoto akihama na wazazi wake, nilimwacha. Akitimiza miaka mitano, nilimwacha. Waliozaliwa niliwaongeza. Kila mkutano nilifika na namba kubwa kuliko ya shemeji, na hiyo namba ndiyo ilikuwa koti langu la sikukuu. Ikafika sabini na moja.

Mwaka jana kikaja kipimo kipya. Mkaguzi aliyepo sasa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alileta fomu na makopo ya rangi. Kila baada ya miezi sita anachukua idadi ya watoto waliopimwa mwezi huo na kuilinganisha na idadi ya majina kwenye daftari. Wasiofika nusu, kituo kinapakwa mstari mweupe juu ya mlango. Waliozidi nusu, njano. Waliozidi themanini kwa kila mia, kijani. Juu ya kijani kuna buluu, lakini hiyo ilikuwa haijapakwa popote. Kituo kikipata nyeupe mara tatu mfululizo kinafungwa, mizani inachukuliwa, na akina mama wanahamishiwa kituo cha jirani.

Nilipata nyeupe. Cherehani akapata kijani. Miezi sita baadaye, mimi nyeupe tena, yeye kijani tena. Nilikuwa nimebakiwa na mara moja, na kituo cha jirani kilikuwa cha kwake.

Sikulala vizuri. Nikaanza kujiambia kwamba anadanganya. Watoto arobaini kati ya arobaini na tatu, mwezi baada ya mwezi! Hakuna mtoto anayeugua huko? Hakuna bibi anayesafiri na mjukuu? Nikamwambia mke wangu kuwa mdogo wake anahesabu mtoto mmoja mara mbili.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Sijamwona."

"Basi nenda ukamwone, uniache nioshe vyombo."

Ijumaa nikaenda. Niliegemeza baiskeli ukutani kwa mashine ya kusaga, nikaigeuza magurudumu juu, nikajifanya nashughulikia tairi. Kwenye mfuko wa kulia nilikuwa na gololi hamsini za baiskeli. Kila mtoto aliyeingia mlangoni mwa shemeji, nilihamisha gololi moja kwenda mfuko wa kushoto. Niliwatazama sura, niliwatazama nguo, nikimsubiri atakayerudi mara ya pili. Hakurudi hata mmoja. Mlango wake ulikuwa hautulii. Mama mmoja aliingia na mapacha, nikahamisha mbili, roho inaniuma.

Ilipofika ya thelathini na nane, sauti ikatoka dirishani.

"Shemeji! Umekuja kupimwa?"

Foleni yote ikageuka.

"Tairi limeisha upepo," nikasema.

"Tangu asubuhi unajaza? Hilo ni tairi au puto? Mleteni huyo tumtundike, tuone kilo zake. Tatizo ni ule mfuko, matundu ya miguu hayatamtosha!"

Wakacheka, na mimi nikainama kwenye gurudumu kama vile nimeona kitu. Wakaingia wawili wengine kabla sijaondoka. Gololi arobaini. Hakuwa anadanganya, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angekuwa mwizi. Nilirudi nyumbani nikiwa na mfuko mmoja mzito, baiskeli inaelemea upande wa kushoto.

Jumapili alikuja nyumbani bila kualikwa, na sindano na uzi mnene, eti dada yake amemwambia mfuko wangu wa kupimia umechanika. Ulikuwa umechanika kweli. Akakaa kwenye kigoda akishona, na daftari langu lilikuwa mezani. Akalivuta kwa kiwiko.

"Shemeji, huyu wa kwanza hapa, si yule wa darasa la nne? Wiki iliyopita nimemshonea sare. Kiuno chake kinakaribia changu!"

Akafunua ukurasa wa pili.

"Na hawa watatu wa mwenye duka walishahama. Duka lenyewe sasa lina kinyozi. Unampima kinyozi?"

Mke wangu akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Toa hilo daftari," nikasema.

"Shemeji, sikiliza. Mwezi huu umepima wangapi?"

"Thelathini na wanne."

"Kati ya majina?"

"Sabini na moja."

"Ndiyo maana unapata nyeupe, baba! Waliopo wote wanakuja. Wasiokuja hawapo. Futa majina yaliyokufa."

Darasa la sita mwalimu alitufundisha sehemu kwa kukata chungwa. Watu wakizidi, kipande kinakuwa chembamba. Nililijua hilo tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilikaa pale nikamwelewa neno kwa neno, na bado nilisema, "Kituo changu ni kikubwa kuliko chako."

Akanitazama sindano ikiwa juu. Akamaliza kushona, akakata uzi kwa meno, akaondoka.

Mke wangu alisimama mlangoni mpaka mdogo wake akapotea njiani. Halafu akaja akakaa mbele yangu.

"Yule mwenye mtoto wa miezi minne, wa kule juu machimboni," akasema. "Ukifungiwa, atashuka na mtoto mgongoni mpaka bondeni, na kupanda tena. Utamwambia ni kwa sababu ya makofi?"

Kumbe alijua. Sikuwahi kumwambia.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nilifuta jina moja moja, nikitumia mgongo wa pampu kama rula ili mistari inyooke. Nilifuta majina thelathini na matatu. Yakabaki thelathini na nane, matano pungufu ya yale ya shemeji. Kwa kila mstari niliochora, nilipungua kidogo.

Mkaguzi alikuja Jumatano na fomu yake. Shemeji naye alikuwepo, kwa sababu wanaanza kwangu kisha wanaongozana kwenda kwake. Mkaguzi akahesabu majina, akahesabu waliopimwa, akabonyeza kikokotoo.

"Themanini na tisa kwa mia. Kijani," akasema, akanitazama juu ya miwani. "Umefanyaje?"

"Nimefuta wasiokuwepo."

"Vizuri. Kuna swali la mwisho, huwa wote wanajibu hapana." Akageuza ukurasa. "Je, kuna kituo kingine kilichokusaidia kurekebisha kazi yako? Kama kipo, kituo hicho kikiwa na kijani kinapanda buluu."

Nikaelewa kwa nini buluu ilikuwa haijapakwa popote. Cherehani alikuwa amesimama karibu na mizani, anachezea ule mfuko alioushona. Angesema neno moja tu, angenirahisishia kumchukia. Nilitazama viatu vyangu. Nilifikiria kusema hapana. Lilikuwa neno moja, na mimi ni mtu wa maneno machache.

"Kipo," nikasema. "Cha huyu shemeji yangu. Na mfuko ameushona yeye."

Mkaguzi akaandika. Cherehani akapiga kelele mpaka vumbi la saruji likashuka kutoka kwenye boriti, akanikumbatia mbele ya akina mama waliokuja kuona rangi, akasema, "Mmemsikia? Ameongea! Maneno kumi na zaidi! Dada atampima homa leo!"

Jioni nilipita bondeni na baiskeli. Juu ya mlango wake kulikuwa na mstari wa buluu, bado mbichi, umenyooka, unang'aa kuliko rangi yoyote iliyopo kule. Akina mama walikuwa wamesimama wanautazama. Nilishuka kwenye baiskeli, nikautazama mimi pia, muda mrefu kuliko walivyoutazama wao.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimeridhika na kijani changu. Nikamwambia nimeridhika. Halafu nikamuuliza kama anajua njia ya kile kituo cha ng'ambo ya msitu, maana nimesikia wamepata nyeupe mara mbili, na huenda daftari lao lina majina mengi.