Miguu ilivimba, nikajiandaa kufa kwa ugonjwa wa moyo

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio Wasukuma, hiyo ni habari za asubuhi. Itikieni kwa namna yenu.

Haya yamenipata mwenyewe na shahidi ninaye. Bahati mbaya shahidi ni mtani wangu, ataongeza chumvi. Mimi nawapa bila chumvi, hata daktari kaniambia nipunguze.

Nimezaliwa Kishapu, naishi Geita mjini. Umri wa kati, shahada ninayo, kitambi ninacho. Naandika makala. Mtu wa namna hii akivimba miguu haendi hospitali kwanza. Anasoma.

Ilianza kwenye vifundo. Nikivua soksi jioni naona mstari umezama kama njia ya mkokoteni wakati wa masika. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Nikaingia mtandaoni. Nilipotoka nilikuwa bingwa: moyo umeshindwa kusukuma damu, maji yanashuka miguuni, mgonjwa hubanwa pumzi akilala.

Nikajilaza nijaribu. Nikabanwa pumzi!

Kabla ya kusoma nilikuwa nakoroma bila tatizo lolote.

Basi nikaanza kupanga mambo yangu. Nikamwambia mke wangu, Mama Minza, harusi ya binti yetu tuiwahishe.

"Kwani mkwe anakimbia?"

Nikampigia kaka yangu kule Kishapu, nikamwambia lile dume langu jekundu la ng'ombe sasa ni lako. Hakuuliza kwa nini. Alisema "Wabeja", yaani asante, akakata simu.

Mama Minza akaona hapa kuna jambo. Akamwita Pazi.

Pazi ni Mzaramo, anauza pampu na mipira ya kunyonya maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Sisi na wao ni watani, na mnajua mtani anavyofariji mgonjwa. Alisimama getini akaangua kilio:

"Jamani Msukuma wa watu! Kaondoka na hajatuchinjia!"

Majirani wakatoka. Mama mmoja alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni, tayari kwa msiba. Mimi nimekaa barazani nakunywa chai.

"Pazi, niko hai."

"Marehemu haongei. Vaa, twende Mwanza ukapimwe."

Tukaenda. Nakiri, njia nzima nilikuwa naangalia mawe na mihogo ya watu kama mtu anayeviaga.

Hospitali tukampata daktari dada mmoja mtulivu. Akasikiliza kifua, akabonyeza miguu, akaniuliza kama nalala na mito mingi ili nisibanwe pumzi. Kisha: "Shikamoo baba, samahani niliruka salamu. Kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?"

"Marahaba. Hakuna. Mimi hata panadol naiogopa."

Niliongea kwa dhati kabisa, wakuu. Pazi alikuwa amegoma kubaki nje, eti mtani haachi maiti peke yake. Akaruka:

"Muongo huyo, dokta! Kila asubuhi anateremsha kidonge cha presha kwa chai. Na juzi kaongezewa dozi, akaja dukani kwangu kujisifia kama kapandishwa cheo!"

Mtu mwingine asingethubutu kuniumbua vile mbele ya daktari. Mtani ana ruhusa.

Na alikuwa sahihi. Sikuficha, ila kitu unachokimeza kila siku na chai unaacha kukihesabu kuwa dawa. Kinakuwa kama chapati.

"Amlodipine?" daktari akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Uvimbe ulianza kabla ya kuongezewa dozi, au baada?"

Nikafikiri. Baada.

Nilitaka kushangilia papo hapo, akanizuia. "Inaweza kuwa dawa, baba. Lakini moyo hatuukisii, tunaupima."

Nikapimwa damu, figo na ECG, yaani umeme wa moyo, kisha nikalazwa kwa ubavu nikafanyiwa echo. Wanakupaka ute wa baridi kifuani, wanapitisha kifaa, na kwenye skrini unauona moyo wako unafumba na kufumbua. Nilikuwa nimeushitaki muda wote huo, kumbe wenyewe uko kazini, haujui hata kuna kesi. Machozi yalinilenga. Nikasingizia ute.

Majibu: moyo mzima, figo nzima. Uvimbe ulitokana na dawa. Huwapata baadhi ya watu, hasa dozi ikipanda. Daktari akanibadilishia dawa, akanionya nisije nikaacha dawa ya presha kwa uamuzi wangu, maana presha haina adabu.

Tulipotoka, Pazi akampigia Mama Minza, aliyekuwa sokoni, simu ikiwa loud speaker.

"Shemeji, kaa chini. Nina habari mbaya."

Akanikonyeza, akaendelea:

"Huyu mtu hafi leo. Moyo ni wa maksai. Pole sana, utaendelea kuwa naye."

Kikatoka kigelegele kimoja, kikafuata cha pili na cha tatu, soko zima likadakia. Tukasikia mtu anauliza, "Nani kajifungua?" na Mama Minza anacheka na kulia, anajibu, "Mume wangu! Mume wangu!"

Nilichojifunza: ukienda kwa daktari, beba dawa zako zote kwenye mfuko, hasa zile ulizozizoea. Na ukivimba miguu usijihukumu mwenyewe, wala usijipe moyo kwa sababu ya uzi huu. Kwa mwingine ni moyo kweli. Kapime.

Nani mwingine humu dawa ilimpa ugonjwa ambao hakuwa nao? Shusheni hapa chini, na madaktari mnirekebishe nilipopotosha.

Nawasoma miguu ikiwa imenywea, nimevaa viatu vya kamba, na kamba nimezifunga.