Waliponizika Ilagala

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoka kitandani na kukuta watu wameshanizika.

Usicheke. Wajukuu zangu hapa Rusimbi, Kigoma, nao hucheka nikianza hivi, halafu nikifika katikati wananyamaza wenyewe. Vuta mkeka, ukae. Nakusimulia wewe kwa sababu huu ni mwezi wa tatu tangu ufike hapa, unafanya vibarua kwa watu usiowajua, na kila nikikuuliza umeshinda na nani unanijibu, "Peke yangu, Bibi. Sitaki matatizo." Neno hilo nalifahamu. Nilivuka nalo mpaka kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Nyanza-Lac, upande wa Burundi, na nilipoondoka nyumba yetu ilikuwa imeshakuwa jivu na ndugu zangu kila mmoja amekimbilia upande wake. Hayo yana siku yake, leo niache. Nilifika Ilagala, karibu na pale Malagarasi inapoingia ziwani, nikapata kibarua cha kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kazi ya siku kwa siku. Asubuhi mnasimama mchangani, msimamizi anapita anawanyooshea kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa anarudi alikotoka. Ukiugua, nafasi yako ina mtu kabla jua halijapanda.

Karatasi sikuwa nayo hata moja. Niliiogopa lafudhi yangu kuliko nilivyoogopa mamba wa mtoni, kwa hiyo nikaamua kutosema. Nikiitwa naitika kwa kichwa. Nikiulizwa naonyesha kwa mkono. Wenzangu wakaniita Bubu, nami nikafurahi, maana bubu haulizwi anatoka wapi. Nilijiona mjanja sana. Ujana, mwanangu, hufanya mtu ajifungie mlango kisha ajisifu kwamba ana nyumba imara.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Edina, ambaye naye alikuwa akianika dagaa, kichanja chake kikiwa jirani na changu. Mama yule alikuwa mwema. Ananiletea muhogo wa kuchemsha, anakaa kizingitini, anauliza: "Binti, mama yako yupo? Kwenu hawakutafuti?" Yalikuwa maswali ya huruma, ila mimi niliyasikia kama maswali ya askari. Alfajiri moja nikakunja mkeka wangu, nikahama bila kuaga. Sikwenda mbali. Katikati ya michikichi, kwenye njia ya kwenda makaburini, palikuwa na kibanda kilichoachwa na mwenyewe, nikaingia humo. Mwaloni niliendelea kwenda kama kawaida. Mama Edina akinitazama, nainamia dagaa.

Haikupita wiki, homa ikanishika.

Ilikuwa homa ya kutetemesha meno. Siku ya kwanza nilidhani itapita. Siku ya pili sikuweza kusimama. Maji yalikuwa kwenye ndoo karibu na kichwa changu, na hayo ndiyo yaliyoniokoa. Siku ya tatu, mchana jua likiwa kali, nikasikia miguu ya watu. Watu wengi. Walikuwa wakipita nyuma ya kibanda, taratibu, na sauti za wanaume zikisema kwa pamoja, chini chini, "La ilaha illa Llah, La ilaha illa Llah." Kulikuwa na mtu mwenye kikohozi kikavu. Walipita karibu sana hata vivuli vyao vikaingia kwenye nyufa za ukuta na kutambaa juu ya miguu yangu, kimoja baada ya kingine.

Nikauliza kwa sauti, "Nani amekufa?"

Sauti yangu ilitoka ndogo, kama si yangu. Hakuna aliyejibu. Wakapita, nikasikia majembe kwa mbali, kisha nikalala.

Siku ya nne homa ikaachia. Siku ya tano nikaoga maji yaliyobaki, nikajifunga kitenge changu cha kijani, nikashuka mwaloni. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya sahani. Hapakuwa na upepo, wala mitumbwi haikutikisika. Milima ya Kongo ng'ambo haikuonekana kabisa; palikuwa na weupe tu, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilishuka taratibu. Mchanga haukutoa sauti chini ya miguu yangu.

Wa kwanza kuniona alikuwa mwanamke aliyebeba karai la dagaa. Akasimama. Karai likamtoka kichwani, dagaa wote wakamwagika, wala hakuinama kuwaokota. Wa pili alikuwa mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. Aliniangalia, akaanza kurudi nyuma, kinyumenyume, mpaka akaingia majini na nguo zake. Maneno mwaloni yakakatika. Mahali pale, mwanangu, hapajawahi kunyamaza. Kuna kelele tangu alfajiri. Siku hiyo nilisikia nzi.

Nikaenda kwenye kichanja changu. Palikuwa na mwanamke mwingine akianika. Aliponigeukia akaacha kila kitu, akakimbia. Mfuko wangu niliokuwa nikiuacha pale ulikuwa umetundikwa kwenye mti, umefungwa kwa kamba kama mzigo wa mtu anayesafiri.

Nikasema, "Habari za asubuhi?" Ilikuwa salamu ya kwanza kutoka kinywani mwangu tangu nifike Ilagala.

Hakuna aliyejibu.

Nikamwona Mama Edina. Alikuwa amejifunga kanga kichwani kama mfiwa, na macho yake yamevimba. Nikamsogelea. Akapiga ishara ya msalaba, akaniambia, "Nenda, mwanangu. Nenda ukapumzike. Tumekufanyia yote."

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Nilikumbuka vile vivuli juu ya miguu yangu. Nikakumbuka nilivyouliza nani amekufa na hakuna aliyesikia. Nikawaza: huenda ni mimi. Huenda nilikufa siku ile ya pili na sikujua, kwani nani angeniambia? Nikatazama chini kama nina kivuli. Jua lilikuwa nyuma ya ule weupe, hakuna mtu pale mwaloni aliyekuwa na kivuli. Nikajishika mkono, nikaona ni wa baridi. Nakuapia, nilisimama pale na sikuwa na hakika. Katika ulimwengu mzima hapakuwa na mtu mmoja ambaye ningeweza kumwambia, "Niangalie, si ni mimi huyu?" Maana hakuna aliyewahi kujua mimi ni nani.

Watu wakapisha njia. Akaja bibi mmoja mwembamba, ameshika fimbo, anaitwa Bi Mwamvita. Alikuwa mtu wa Kasingirima, Kigoma mjini, aliyeolewa Ilagala, na ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake kijijini. Wengine wote walikuwa wamesimama mbali. Yeye alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama. Alikuwa akingoja.

Sijui nini kilinisukuma. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, Bibi."

Akavuta pumzi. "Marahaba." Kisha akawageukia watu. "Mmesikia? Maiti haamkii mtu. Huyu yu hai."

Akanishika kiganja, akakigeuza, akakipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayesoma. Na hapo akanieleza. Siku tatu zilizopita maji yalimleta mwanamke kwenye matete ya mdomo wa mto. Alikuwa amekaa majini, uso wake hautambuliki. Umri kama wangu, umbo kama langu, kitenge cha kijani. Watu wakaulizana ni nani ambaye haonekani. Wakasema: Bubu hayupo kazini siku ya pili leo. Wakaenda kwa Mama Edina, wakakuta chumba kitupu na hakuna ajuaye nilikohamia. Basi.

"Nilimwosha kwa mikono hii," Bi Mwamvita akasema. "Mikono yake ilikuwa na nyufa za chumvi na kazi, kama yako. Ilikuwa mikono ya kibarua. Ndiyo maana sikushuku. Ulipofika wakati wa kuzika, Sheikh akauliza, jina la marehemu? Tukatazamana. Jina la mama yake? Tukatazamana. Akauliza, ni Mwislamu huyu? Hata hilo hatukulijua. Sheikh akasoma yake na katekista akasoma yake, ili Mungu achague. Kwenye jina la mama wakasema binti Hawa, kama anavyoitwa asiyekuwa na mtu. Wewe binti, umeishi nasi miezi saba, umekula chumvi yetu, na siku ya kukuzika tulikuwa na kitenge tu cha kukutambulia. Ni haki hiyo?"

Nikaanza kulia.

"Nasi tuna kosa," akasema kwa upole kidogo. "Tulikuita Bubu, tukaridhika. Jina lako nani?"

"Esperansi."

"Binti wa nani?"

"Wa Anjelina, wa Nyanza-Lac."

"Sema kwa sauti, wasikie."

Nikasema. Nilipomaliza, Mama Edina alikuja akanikumbatia, akaninusa shingoni kama mtu anavyomnusa mtoto, akasema, "Amahoro, mwana wanje," yaani amani, mwanangu. Nikashtuka. Alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Lugha niliyoificha miezi saba, nusu ya mwalo ule walikuwa wakiielewa. Tangu nilipofika walikuwa wakinisikia nikijisemesha kwa Kirundi juu ya dagaa bila kujijua, wakingoja niwe tayari.

Alasiri tulikwenda makaburini, mimi, Mama Edina na Bi Mwamvita. Udongo ulikuwa bado haujakauka. Juu yake walikuwa wamepanda kijiti kisicho na maandishi. Nilisimama penye kichwa, nikaona kaburi lililochimbwa kwa ajili yangu, na ndani yake yupo mtu mwingine. Nikauliza, "Basi huyu ni nani?"

Bi Mwamvita akasema, "Hilo ndilo swali."

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Bi Mwamvita akaniambia: wewe ndiye wa karibu yake zaidi, maana mmeshirikiana kaburi, kakae. Nikaketi mkekani na wanawake, nikampa pole kila aliyeingia, nami nikapewa pole. Nilikoka moto, nikasonga ugali wa muhogo, nikaosha vyombo. Nilijua siku hizo nani ana mtoto mgonjwa, nani mumewe yuko Kalemie, ng'ambo Kongo, nani anapenda kuchekesha msibani. Ajabu ya Mungu ni kwamba urafiki wangu wote wa Ilagala nilianza kuupata katika msiba wangu mwenyewe.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa kijiji, akaniita. Nilitaka kutoroka. Mama Edina akanishika kitenge: "Utakimbia mpaka lini? Twende." Tulikwenda wanawake sita. Mwenyekiti aliuliza karatasi, sikuwa nazo. Akauliza, nani anamjua mtu huyu? Wote sita wakasema kwa pamoja, "Mimi." Sitakudanganya, siku ile sikupata karatasi. Ilichukua miaka, ofisi hii na ile, na mara mbili nilirudishwa nikiwa nalia. Lakini sikwenda peke yangu hata mara moja. Na nilipougua tena, kabla jua halijapanda palikuwa na mtu mlangoni akiita jina langu.

Wapo wazee Ilagala ambao hadi leo wakiniona wananiita Marehemu, tunacheka. Yule wa kaburini sicheki naye. Nimelipalilia kaburi lake mwaka hadi mwaka. Nimeuliza kwa wavuvi, kwa wenye maboti ya abiria, kwa watu wa kambi za wakimbizi. Hakuna aliyewahi kuja kusema amepotelewa na binti mwenye kitenge cha kijani. Hata mmoja. Nikiwa peke yangu pale nasikia matete yanasuguana mtoni, na wakati mwingine nahisi kuna mtu nyuma yangu anayengoja nigeuke nimtaje. Nageuka. Sina jina la kumpa. Hilo linanitisha, mwanangu, kuliko siku niliyojidhani nimekufa.

Sasa sikiliza. Jifya moja haliinjiki chungu. Mtu akiwa ugenini, tena kazi yake ni ya kunyooshewa kidole, hudhani kinga yake ni kujificha. Kujificha kunakukinga na wabaya wachache, na kunakunyima wema wengi. Anza na salamu. Asubuhi waamkie wa nyumba ya kulia na wa nyumba ya kushoto, hata wasipoitika siku ya kwanza. Ukihama, aga. Ukipewa muhogo, rudisha sahani ikiwa na kitu, hata kama ni chumvi. Nenda misibani, hata kwa usiowajua, kwa kuwa msiba haumuulizi mtu karatasi. Sikuambii umwamini kila mtu. Wapo wanaouza siri ya mgeni, nami nimewaona. Chagua wawili, watatu. Wajue jina lako lote na la mama yako, wajue unapolala na unapofanya kazi. Nawe ukiona mwenzako kazini haongei, usimpe jina la utani ukaridhika. Muulize. Akikukimbia, muulize tena kesho.

Mungu akupe majirani kabla hajakupa mali. Akupe mtu wa kushtuka usipoonekana, na akupe macho ya kumwona asiyeonekana. Mkono wako usikose wa kuushika, na jina lako lisikose wa kuliita, ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa, hapa Kigoma na kokote utakakokanyaga. Amina.