Mama wa Nanyuki na Fomu ya Tamasha

Juzi, katika ofisi moja mjini Nyeri, mama Mwislamu kutoka Nanyuki alikuwa mbele yangu kwenye foleni akisajili kikundi chake cha nyimbo za Kikuyu kwa tamasha la muziki la kila mwaka, lile la bure la tamaduni zote. Karani alitazama buibui lake, akaisukuma fomu kando.

"Mama, hizi nyimbo ni za Wakikuyu. Si muimbe zenu?"

"Zangu ni gani, kijana? Hizi ndizo nilifundishwa na majirani tukivuna."

"Ati wewe?"

Mama akapiga meza kwa viganja, akaanza kuimba kwa Kikuyu safi. Foleni nzima tukaitikia. Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.

Tamasha likiwa la wote, kila mtu atachagua wimbo wake. Asiyetaka akae kwake, azibe masikio.