Kundi la Talaso na Kompyuta Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watano chumbani: Bwana Kirimi, Msimamizi wa Mawasiliano; Bi. Zeinabu, mpiga chapa aliyekuwa anaacha kazi ili aolewe; Ekiru, dereva; Mzee Hassan, mlinzi; na mimi, Amina, niliyekuja kushika nafasi ya Zeinabu. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, katika ofisi ya mradi wa mifugo hapa Isiolo. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita baada ya wazazi wetu kufariki, na wadogo zangu walikuwa nyumbani mtaa wa Kiwanjani wakingoja kuona kama nitarudi na kazi au mikono mitupu.

"Unajua kupiga chapa?" Bwana Kirimi aliniuliza.

"Najifunza haraka."

"Sikuuliza hivyo."

"Basi sijui."

Akamtazama Zeinabu. "Angalau hadanganyi. Mfundishe. Hii mashine ukiidanganya, inakusengenya mpaka Nairobi."

Mashine yenyewe ilikuwa teleprinta, yaani taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Ulichopiga hapa kilijichapa kule Nairobi, kwenye maabara. Wakati huo ng'ombe hawakuruhusiwa kupelekwa masoko ya kusini kabla ya damu yao kupimwa homa ya mapafu. Majibu yalikuja kwenye teleprinta yangu, na kundi lililopatikana na ugonjwa lilichinjwa. Kila jibu nililisoma mara mbili kabla ya kumpelekea Daktari wa Mifugo, na hata hivyo nilienda nyumbani nikiwa na wasiwasi kwamba nimekosea.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, teleprinta iliondolewa na kompyuta zikaja. Bwana Kirimi alikuwa amestaafu. Aliyetusimamia sasa ni Mhandisi wa Mitambo, kijana mpole aliyetoka Nairobi. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake aliniketisha kando yake akanifundisha kuandika programu, kwa sababu yeye angerudi Nairobi na mtu wa kubaki na mashine alihitajika.

Kazi yetu ilikuwa hii. Maabara ilikuwa na programu ya zamani iliyotuma majibu kwa njia ya soketi. Soketi ni kama mlango ambao programu hufungua ili kuzungumza na programu nyingine iliyo mbali. Lakini kompyuta ya maabara iliendeshwa kwa mfumo mmoja, na yetu kwa mfumo mwingine. Programu ileile, ikiletwa kwetu, iligoma. Kule, soketi ilifungwa kwa amri ileile ya kufunga faili. Huku ilitaka amri yake. Kule, kosa likitokea liliandikwa mahali pamoja. Huku ulilitafuta pengine. Tulitaka programu moja itakayofanya kazi pande zote mbili.

"Usitawanye tofauti kama mbuzi," Mhandisi alinionya. "Zitie zote boma moja. Programu yenyewe isijue iko kwa nani."

Basi kila palipokuwa na tofauti, tuliiondoa kwenye programu kuu na kuiweka katika faili moja ya kando, yenye alama za kuiambia kompyuta: ukiwa huku fuata mistari hii, ukiwa kule fuata ile.

Tulipofika kujaribu, tulihitaji kundi la kutangaza kuwa lina ugonjwa. Kwetu hakuna anayetamka, hata kwa mzaha, kwamba ng'ombe wa mwenzake ni wagonjwa. Ekiru alisema waziwazi kwamba wenyewe wakisikia, gari lake litapigwa mawe. Kwa hiyo tulitumia kundi la mradi wenyewe, nambari 257, kila jaribio. Kila mara nambari ilifika salama. Mhandisi akarudi Nairobi. Mimi sikuridhika. Tulikuwa tumejaribu nambari moja tu.

Jibu la kwanza la kweli lilikuja Ijumaa alasiri: kundi 513, homa ya mapafu. Lilikuwa la Talaso, mjane wa kijiji cha Gotu. Kabla sijauliza maabara, waya wa simu ulikatika.

"Kesho asubuhi tunachinja," Daktari wa Mifugo alisema.

"Daktari, programu ni mpya. Tungoje Jumatatu, simu irudi."

"Na ugonjwa nao utangoja Jumatatu?" Alifikiri kidogo. "Nitangoja kama kundi litakaa boma la mbali, lisichanganyike kisimani. Mwenyewe akubali."

Boma la mbali halikuwa na maji. Niliondoka na Ekiru kwenda kumwambia Talaso. Wanawe walikuwa wamekwisha kusikia na walikuwa tayari na fimbo, wakitaka kutorosha ng'ombe kwa njia ya Kipsing.

"Salaam aleikum, mama," nikasema, nikamweleza.

"Mashine yako imedanganya?"

"Sijui, mama. Naogopa tu."

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wazazi wamekufa. Mimi ndiye nimelea wadogo zangu."

Akawageukia wanawe. "Wekeni fimbo chini. Huyu anajua kungoja."

Ekiru alibeba maji kwa mapipa siku zote mbili, lakini hayakutosha. Jumapili mchana mtamba mmoja mwenye mimba alilala akakataa kuinuka, akafa.

Jumatatu simu ilirudi. Nilimpigia Mhandisi, akaenda maabara, kisha akanipigia.

"Huku imeandikwa 258," alisema. "Amina, nambari kubwa hukatwa vipande viwili. Kompyuta ya huku inatanguliza kipande kikubwa, ya huko inatanguliza kidogo. 258 ni fungu moja la 256, na mbili zaidi: moja na mbili. Ikipinduliwa ni mafungu mawili na moja zaidi, inakuwa 513."

"Na 257?"

"Moja na moja. Hata ukiipindua ni ileile."

Kundi 258 lilikuwa bado kwenye uwanja wa mifugo likingoja kwenda sokoni, likazuiwa. Sisi tuliongeza amri moja ya kupanga vipande kwa utaratibu mmoja kabla ya kutuma, na nyingine ya kuvipokea. Tangu hapo sikukubali jaribio la nambari moja, na niliwafundisha hivyo wote walionifuata.

Talaso alikuja ofisini kuchukua kibali chake cha kuuza ng'ombe. "Mtamba wangu yuko juu yako," aliniambia bila hasira. "Wewe ndiye uliniambia ningoje."

Sikubishana. Lakini wadogo zangu wa mwisho walikuwa bado shuleni, na mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame, na mwingine vilevile. Nilistaafu kabla sijaweza kumlipa. Ndipo nikanunua mtamba mweupe, nikampeleka Gotu. Talaso, aliyezeeka sana, alimpapasa tumbo polepole.

"Huyu ni mmoja," akasema. "Uliniulia wawili. Rudi naye, apate mimba, halafu mje."

Yuko kwangu sasa. Fahali wa jirani ameletwa mara mbili, na bado. Watu wanaotoka Gotu nawauliza kwanza hali ya Talaso, kisha nakwenda zizini kumpapasa mtamba tumbo.