Basi, Imekwisha

Tangu redio iseme kanuni za vibali vya kazi zitabadilika, sijatulia. Hapa mtaani Galbet kila mtu alikuwa na kanuni zake. Huyu anasema mwajiri atathibitisha kwanza kwamba hakuna Mkenya anayeiweza kazi, yule anasema wageni wote watarudishwa makwao. Mimi nina mgeni mmoja tu: fundi wangu kutoka Tanga, anayetunza mitambo ya kupoza maziwa yangu ya ngamia. Bila yeye, kwa joto letu hili, maziwa yatachacha kabla sijapata mnunuzi. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Fundi wa watu aligombezwa hata kwa kupiga chafya.

Nikaenda ofisi ya vibali kuomba chake kiongezwe muda kabla mambo hayajageuka. Karani akasema haiwezekani, paspoti ya fundi imepitwa na wakati, aombe nyingine kwanza. Nikampigia simu palepale kwenye foleni, watu wananisukuma. Sisi Wasomali tunaiita baasaboor, lakini yeye alishanifundisha neno la kwao, pasi, nami nikataka kulitumia kwa heshima yake. Nikasahau kwamba ulimi wangu na p hawajawahi kupatana.

"Basi imekwisha, fundi," nikasema. Mtandao ukakatika.

Niliporudi nilikuta mitambo inanguruma, imefutwa inang'aa, na chumba chake kitupu. Nikakimbia hadi steji, jilbabu ikininasa miguuni. Alikuwa amekaa juu ya begi lake.

"Warya, wewe, naenda wabi?"

"Si umesema basi, imekwisha, mama? Nikaona nisikusumbue."

"Basi! Basi yako, wallahi! Ile ya kusafiri!"

"Ndiyo hiyo naisubiri," akajibu kwa upole, akinionyesha basi la Nairobi linalopakia mizigo.

Nikakaa chini vumbini, nikalia mbele za watu. Kisha nikakunjua viganja kama anayefungua kijitabu, nikapiga kelele, "Baasaboor!" Ndipo akaelewa. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nilitamani kumzaba kofi.

Pasi mpya ameshaiomba. Kanuni bado hazijatoka, na kila asubuhi nafungua redio kabla hata ya chai. Fundi amerudi chumbani kwake, ila begi hajalipakua. Anatoa shati, analivaa, analifua, analirudisha humohumo. Jana nilimwambia atundike nguo zake, misumari iko ukutani.

"Bado kidogo, mama," akasema.

Sikumgombeza; nikaenda kufungua redio.