Fungu Yenye Sikupiga

Leo wamepitisha mifuko ya kakao mbele ya duka yangu hapa Bungulu, na ile harufu yake tamu ya kuchacha ikaingia ndani. Nikakumbuka asubui moja.

Nilikuwa mutoto, tuko shambani na mama kule Mabalako. Fungu ya matunda ya kakao ikilala inje, nyoka ya sumu inapenda kujificha mule. Donc asubui, mbele ya kutia mukono, unapiga fungu na fimbo mara tatu, unangoja.

Ile asubui nilisikia baridi, na fimbo ilikuwa mbali katika majani. Nikaiacha.

"Ulishapiga?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Akainama, akatia mukono. Njo nikaona majani makavu karibu na vidole vyake iko inapumua. Haikuwa majani. Mama naye akaiona. Akarudisha mukono polepole, polepole, jasho inamutoka, mpaka akasimama. Nyoka haikutikisika.

Akaangalia fimbo kule chini, ingali imejaa umande.

Mpaka leo, mama akiniuliza tu kama nilifunga mulango, naenda kwanza kuangalia, njo najibu.